Theluthi Moja Isiyotaka Kufutika: Kisa cha Sarafu Mbili Darasani Tanga

Swali lilikuwa fupi. Sarafu mbili zinarushwa pamoja. Kuna uwezekano gani wa kupata kichwa kimoja tu? Darasa ni la kidato cha nne, mjini Tanga, wanafunzi 40, wiki ya pili ya mada ya uwezekano. Wengi waliandika 1/3. Wala hawakuwa wavivu. Katika zoezi hilohilo karibu wote walipatia uwezekano wa kupata namba shufwa kwenye dadu, wakapatia na uwezekano wa kuchomoa mpira mwekundu mfukoni, na sehemu zao wakazirahisisha bila kosa.

Sababu waliyoitoa inaeleweka. Matokeo ni matatu: vichwa viwili, kichwa kimoja, au hakuna kichwa. Linalotakiwa ni moja. Basi ni moja chini ya tatu. Walifuata kanuni ya ubaoni neno kwa neno: idadi ya matokeo yanayotakiwa, gawanya kwa idadi ya matokeo yote.

Mwalimu alisahihisha kwa njia iliyozoeleka. Aliandika KK, KS, SK, SS ubaoni (K ni kichwa, S ni simba, yaani upande wa pili), akaonyesha kwamba mistari miwili kati ya minne ina kichwa kimoja, jibu 2/4. Darasa likanakili. Wiki iliyofuata swali likaja na sura nyingine: familia ina watoto wawili, kuna uwezekano gani kwamba mmoja ni mvulana na mmoja ni msichana, tukichukulia kwamba kila mtoto ana nafasi sawa ya kuwa yeyote kati ya hao? Ile 1/3 ikarudi, tena kwa wanafunzi walewale walionakili vizuri.

Kosa linalosahihishwa Jumatatu na kurudi Jumatatu nyingine limeshika mahali. Inafaa kulitafuta mahali lilipo kabla ya kuandika tena ile orodha ya mistari minne.

Kosa limekaa wapi

Hesabu iko sawa, na kanuni imetumika. Kilichokosekana ni sharti la kanuni: matokeo tunayoyahesabu yawe na nafasi sawa. Sharti hilo kwa kawaida lipo kwenye daftari, kwenye sentensi ya kwanza kabisa ya mada. Lakini mifano yote iliyofuata ilikuwa dadu, sarafu moja, karata na mipira inayolingana. Katika mifano hiyo sharti linatimia lenyewe, kwa hiyo mwanafunzi hajawahi kulihitaji, na kitu ambacho hakijawahi kuhitajika hakikumbukwi. Amejifunza kanuni nyingine kabisa, nayo haijaandikwa popote: hesabu aina za matokeo, gawanya.

Ukitaka kuhakikisha kwamba tatizo ni hilo, uliza darasa swali la mpira. Coastal Union wanacheza Mkwakwani Jumamosi. Watashinda, watafungwa au watatoka sare. Je, uwezekano wa kushinda ni 1/3? Darasa zima litakataa, wengine kwa kelele. Watakuuliza mpinzani ni nani, nani majeruhi, nani kipa. Wanajua fika kwamba mambo matatu yanayoweza kutokea hayalazimiki kuwa na uzito mmoja. Ujuzi huo wanao mtaani, ila hawauingizi nao darasani, kwa sababu somo halijawapa pa kuuweka.

Mwanafunzi anayekosea hapa asionekane mjinga. Mwaka 1754, katika ile Encyclopédie ya Ufaransa, mwanahisabati mkubwa Jean d'Alembert alijadili swali linalofanana na hili: uwezekano wa kupata kichwa angalau mara moja katika mirusho miwili. Alisema kichwa kikitoka mara ya kwanza mchezo umekwisha, kwa hiyo hali ni tatu tu, na jibu ni 2/3. Jibu sahihi ni 3/4, maana zile hali tatu hazina uzito sawa: ya kwanza peke yake inabeba nusu, na mbili zilizobaki zinagawana nusu nyingine, robo kwa robo. Tunashauri kisa hiki kielezwe darasani baada ya sarafu kurushwa. Kikielezwa kabla, kitakuwa hadithi tu.

Neno lenyewe

Kuna kikwazo kingine kabla ya sarafu, nacho ni lugha. Sekondari somo linafundishwa kwa Kiingereza, na kichwani mwanafunzi anatafsiri neno probability kuwa uwezekano. Sasa uwezekano katika Kiswahili cha kila siku ni neno la upo au haupo. "Kuna uwezekano wa mvua" maana yake mvua inaweza kunyesha, basi. Halina kiasi ndani yake. Mwanafunzi anayefikiri hivi hana sababu ya kutofautisha mambo mawili ambayo yote yanawezekana. Yakishawezekana, yako sawa. Theluthi moja inaota mizizi hapo.

Dakika kumi za kamba zinatosha kulipa neno kiasi. Kamba ya katani haikosekani Tanga. Kata mita 2, ifunge kati ya misumari miwili mbele ya darasa, piga fundo kila sentimita 20. Mwanzo ni 0, haiwezekani kabisa. Mwisho ni 1, lazima itokee. Kila fundo ni 1/10. Andika sentensi kwenye vipande vya karatasi na uzibane kwa vibanio vya nguo. Kesho jua litachomoza upande wa baharini. Dadu moja itoe 7. Itanyesha angalau siku moja mwezi wa Aprili. Mwanafunzi tutakayemchagua kwa nasibu alizaliwa Ijumaa. Coastal Union watashinda mechi ijayo. Mbili za kwanza zinakwenda kwenye ncha bila ubishi. Ya Aprili inasogea karibu kabisa na 1, maana ni masika. Ya Ijumaa itabishaniwa, na iachwe ibishaniwe mpaka mmoja aseme siku ziko saba. Kibanio kitakaa karibu na sentimita 29. Ya Coastal haitapata mahali pa kukubaliwa na wote, na hilo pia ni somo.

Pwani utaulizwa swali hili, tena na mwanafunzi makini: mambo yote yako mikononi mwa Mungu, vipi tunayaandikia namba? Lisikwepwe wala lisichekwe. Jibu linaloheshimu swali ni kwamba namba haimwekei Mungu mpaka. Inapima kiasi cha tunachokijua sisi wanadamu kabla jambo halijatokea. Nahodha wa jahazi akitazama mawingu na kuamua kuahirisha safari anapima vivyo hivyo, na bado anasema inshallah.

Kwa sababu hiyohiyo, angalia vifaa. Katika nyumba nyingi za Tanga dadu na karata vinahusishwa na kamari, na mtoto akirudi nyumbani akisema leo tumecheza dadu shuleni, mzazi ana haki ya kushtuka. Dadu ya ludo haina neno kwa wengi. Lakini zipo njia nyepesi zaidi, na moja inafundisha kuliko dadu.

Kifuniko cha chupa ya maji

Kusanya vifuniko 200 vya plastiki vya chupa za maji, vya aina moja. Havina gharama. Kila jozi ya wanafunzi ipewe 10. Kifuniko kikirushwa kina matokeo matatu: mdomo juu, mdomo chini, au kusimama kwa ubavu. Ndiyo maana tunakipendekeza badala ya kizibo cha soda, ambacho kina matokeo mawili, kimeshapindwa na opena, na kinaweza kutoa namba iliyo karibu na nusu mpaka darasa lisione tofauti. Kifuniko cha plastiki kinasimama kwa ubavu mara chache tu, na kila jicho linaona.

Kwanza, kabla ya kurusha, kila jozi iandike sehemu tatu inazotabiri, zijumlike kuwa 1. Hatua hii isirukwe. Asiyetabiri hatashangazwa na kitu, na baada ya kurusha atasema nilijua. Jozi zitakazoandika 1/3, 1/3, 1/3 ziachwe na utabiri wao.

Kisha vifuniko vyote 10 vitikiswe kwenye kopo na kumwagwa kutoka shubiri mbili juu, ndani ya boksi tupu la karatasi. Mara tano, yaani mirusho 50. Mmoja anamwaga, mwenzake anaandika kwa vijiti, cha tano kikikata vinne.

Boksi lina sababu. Ukimwaga juu ya dawati, vifuniko vinavyobiringika ndivyo vinavyoanguka sakafuni, na vinavyobiringika ndivyo vilivyokuwa na nafasi ya kusimama kwa ubavu. Wanafunzi wakikubaliana kwamba kilichoanguka hakihesabiwi, wameshapunguza hesabu ya ubavu bila kujua. Kuta za boksi zinazuia hilo, ingawa zinaleta jingine: kifuniko kilichoegemea ukuta siyo ubavu. Hicho kirushwe tena peke yake, na kanuni hiyo itangazwe kabla ya kuanza, maana ikitangazwa katikati kila jozi itakuwa imeshafanya yake.

Jozi 20 kwa mirusho 50 ni mirusho 1,000. Andika jedwali la jozi zote ubaoni, kisha jumla. Usijumlishe haraka, acha darasa lione kwanza jinsi jozi zinavyotofautiana. Kwa mirusho 50, sehemu ya tokeo moja inaweza kuyumba kwa kiasi cha asilimia 14 juu au chini bila mtu kukosea lolote. Kwa mirusho 1,000 kuyumba huko kunashuka hadi kama asilimia 3. Mwanafunzi hahitaji kujua namba hizo zinatoka wapi, lakini mwalimu azijue, ili jozi yenye matokeo ya pembeni isiambiwe imeharibu jaribio.

Sasa uliza: matokeo ni mangapi? Matatu. Kila moja ni theluthi? Hakuna atakayesema ndiyo huku jedwali liko mbele yake. Na hapa tu, siyo kabla, ndipo kanuni iandikwe, wanafunzi wenyewe wakitamka sharti lake: gawanya hivyo kama matokeo yote yana nafasi sawa, kama hayana, rusha uhesabu. Wakishalisema wao, sharti limepata kazi.

Jero na mia mbili

Kipindi kinachofuata, rudi kwenye sarafu mbili. Zisiwe za aina moja. Kila jozi ipate sarafu ya shilingi 500, yaani jero, na ya 200. Zote mbili zina picha ya Mzee Karume upande mmoja, hivyo kichwa kiko wazi; upande wa pili jero ina nyati na mia mbili ina simba. Kwa jozi 20 utahitaji shilingi 14,000 za chenji, ambazo konda wa daladala au mwenye duka anaweza kukubadilishia. Zihesabiwe zikitoka na zikirudi, na wanafunzi wajue zitahesabiwa.

Kila jozi irushe sarafu zote mbili mara 20 na kuandika safu mbili, moja ya jero na moja ya mia mbili. Dakika nane zinatosha. Mirusho iwe ya kweli: sarafu izunguke hewani na iangukie ndani ya boksi. Wengine huzitelezesha tu kutoka kiganjani, na sarafu isiyozunguka huanguka kama ilivyoondoka. Wengine, wakichoka mrusho wa kumi na mbili, hubuni vilivyobaki; utawajua kwa sababu safu zao zinapishana vizuri mno, kichwa, simba, kichwa, simba, bila mfululizo hata wa tatu.

Jibu likiwa 1/2, jozi moja inatarajiwa kupata kichwa kimoja tu kama mara 10 kati ya 20, na kwa kawaida itakuwa kati ya 6 na 14. Hapa pana mtego. Anayeamini 1/3 anatarajia kama mara 7, na uwezekano wa jozi kupata 7 au pungufu ni karibu asilimia 13. Katika jozi 20, tegemea mbili au tatu zitainua mkono na kusema theluthi imethibitika. Mwalimu asiyejiandaa atatafuta kosa katika mirusho yao, na hakuna kosa. Jibu lake ni jumla ya darasa. Mirusho 400 inapaswa kutoa karibu 200, kwa kawaida kati ya 180 na 220. Theluthi ingetoa kama 133. Umbali huo hauna wa kuutetea, na zile jozi mbili tatu zitauona bila kuaibishwa, kwa sababu namba zao zimo ndani ya jumla hiyo.

Kisha safu mbili zisomwe pamoja. Mirusho yenye kichwa kimoja igawanywe: kichwa cha jero na simba, halafu nyati na kichwa cha mia mbili. Kila fungu litakaribia 100, sawa na vichwa viwili, sawa na hakuna kichwa. Ile mistari minne ambayo mwanzo ilitoka kwa mwalimu sasa inatoka kwenye boksi. "Kichwa kimoja" kumbe ni mlango mmoja wenye njia mbili za kuingilia.

Ubishi wa mwisho, nao ndio mzuri kuliko wote, huwa huu:

"Madam, hapa tumetumia jero na mia mbili. Zile za kwenye swali zinafanana. KS na SK si kitu kimoja?"

"Haya, chukua mia mbili mbili, moja itie doa la wino. Rusha. Doa linabadilisha namna sarafu inavyoanguka?"

"Hapana, Madam."

"Ukilifuta je?"

Doa linamsaidia anayetazama tu, na sarafu haijui kama tunaweza kuitofautisha na mwenzake. Swali la doa lisipoulizwa, mwanafunzi atajifunza kwamba sarafu tofauti zina jibu lake na zinazofanana zina jibu lao, na swali la watoto wawili likija kwenye mtihani atarudi kwenye theluthi.

Zamu

Katika safu za mirusho 20 patakuwa na mfululizo: simba mara nne, mara tano. Uliza unaofuata. Wengi watasema kichwa, zamu yake imefika. Zamu ni neno zito kwetu. Kuna zamu ya kufagia, zamu ya kuteka maji, na anayeruka zamu anaidai. Sarafu haina zamu kwa sababu haina kumbukumbu. Ukisema hivyo tu watakubali kwa mdomo, kwa hiyo wape namba. John Kerrich, mwanahisabati wa Afrika Kusini aliyezuiliwa kambini nchini Denmark, iliyokuwa imevamiwa na Wajerumani, wakati wa Vita Kuu ya Pili, alirusha sarafu mara 10,000 na kuandika yote. Baada ya mirusho 100 alikuwa na vichwa 44, pungufu 6 ya nusu. Baada ya 1,000 alikuwa na 502. Baada ya 10,000 alikuwa na 5,067, ziada 67. Sehemu ilisogea kutoka 0.44 hadi 0.5067, ilhali tofauti yenyewe ilikua kutoka 6 hadi 67. Kama sarafu ingekuwa inalipa madeni, tofauti ingepungua. Sehemu inasogea nusu kwa sababu mirusho mingi mipya inaumeza upungufu wa mwanzo, bila kuulipa.

Mara moja baada ya hapo lete kitu chenye kumbukumbu, la sivyo wataondoka wakidhani hakuna kitu chenye kumbukumbu duniani. Tenga la machungwa ya Muheza linafaa: 12, na 3 kati yake mabovu kwa ndani. Ukichukua moja bila kurudisha na likawa bovu, la pili lina uwezekano wa 2/11, si 3/12 tena. Yote mawili kuwa mabovu ni 3/12 mara 2/11, yaani 1/22. Ukirudisha na kuchanganya, tenga linasahau, na inakuwa 1/16. Wakati wa kuchora mti wa jambo hili, yaani mchoro ambao kila tawi lake ni tokeo moja, dai sehemu kwenye kila tawi kabla ya kuzidisha. Wanaochora matawi matupu ndio wanaozidisha 3/12 mara 3/12 katika hali zote mbili.

Kwa upande wa kuzidisha, vijana wanao mfano wao tayari, mkeka wa kubeti, na wanajua timu moja ikiharibu mkeka wote umechanika. Mwalimu akiamua kuutumia, autumie kwa hesabu hii: mechi kumi, kila moja ikiwa na uwezekano mkubwa wa 7/10 kwenda unavyotaka, na tuchukulie haziathiriani. Zote kumi kwenda hivyo ni 0.7 kuzidishwa yenyewe mara kumi, chini ya 3 kati ya 100. Wafanye kwenye daftari hatua kwa hatua, 0.7, 0.49, 0.343, waone inavyoshuka. Sisi tungemwachia kila mwalimu aamue kulingana na darasa lake kama mfano huu uingie au usiingie.

Kupima kama theluthi imeondoka

Usirudie swali la sarafu mbili. Jibu lake limeshakaririwa. Baada ya wiki mbili uliza sarafu tatu: uwezekano wa kupata vichwa viwili hasa. Atakayeandika 3/8 kwa orodha ya mistari minane amefika. Atakayeandika 1/4 amehesabu aina nne, yaani kichwa sifuri, kimoja, viwili, vitatu, na ni theluthi ileile imevaa kanzu nyingine. Atakayeorodhesha mistari na kupata 2/8 au 4/8 yuko mahali tofauti kabisa: anajua kuorodhesha, ila mstari umemponyoka au umerudiwa. Huyo anahitaji mpangilio tu, jero kwanza ibaki kichwa kwa mistari minne yote, kisha nyati kwa mistari minne. Asirudishwe pamoja na wa 1/4, maana atachoshwa na asichokihitaji. Wa 1/4 apewe sarafu tatu tofauti, boksi, na mwenzake wa kuandika. Arushe mara 40, kisha ajaze namba zake chini ya zile aina nne alizoziorodhesha mwenyewe.